UZI: Nimehariri buletini ya wachapaji wa sanaa huku Lubumbashi miaka mitatu, kwa kujitolea. Anayetaka kazi hii asome kwanza

Wino_wa_Katuba (mleta uzi)

Jambo yenu ndugu zangu.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi aliniuliza pembeni: "Yaya, kikundi chetu kinatafuta mtu wa kutengeneza buletini. Nikubali ao nikatae?" Nilimjibu kwa sauti ya dakika tisa, na nilipomaliza nikaona bado sijamaliza. Basi nayaandika hapa, yeye asome na wengine nao wachangie.

Mimi nachonga lino, kile kitandiko cha sakafu kiitwacho linoleamu, naishi Katuba. Huu ni mwaka wa tatu nahariri buletini ya kikundi chetu, wachapaji wa Lubumbashi, Kipushi, Likasi na Kolwezi. Silipwi. Tunatoa matoleo manne kwa mwaka, kila toleo kurasa 8, nakala 40 za karatasi, na faili moja ya kutuma kwa simu kwa walio mbali.

Kwa asiyejua, mchapaji wa sanaa si mtu wa kadi za harusi na vitabu vya risiti. Ni mtu anayechonga picha kwenye lino, kwenye ubao au kwenye bati la shaba, anapaka wino, analaza karatasi juu, anakandamiza kwa mashine au anasugua kwa kijiko cha mti, kisha anabandua taratibu. Ubao mmoja unaweza kuzaa karatasi 10 au 20, na kila karatasi imepita mikononi mwake mwenyewe. Chini anaandika kwa penseli 3/20, yaani hii ni ya 3 katika 20. Zile chache anazojiwekea anaziandika E.A., kwa Kifaransa ni jaribio la msanii. Zikitimia 20, wengi wanaukwaruza ubao kutoka kona hadi kona ili usichapwe tena.

Nilipokubali kazi hii nilidhani mhariri ni mtu wa kuandika vizuri. Sasa nasema hivi: mhariri wa kikundi kama chetu ni mtu wa kuhakikisha hakuna chapa inayotoka bila kuandikwa. Nani alichonga, alichonga juu ya nini, alitoa karatasi ngapi, mwezi gani, mwaka gani. Mengine yote ni mapambo.

Mji huu umeshazaa wasanii wengi. Mwaka 1946, ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Le Hangar, na humo wakatoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Mwaka 1951 Laurent Moonens akaanzisha akademia ya sanaa. Majina ya hao wachoraji watatu tunayo hadi leo kwa sababu kuna watu waliyaandika tena na tena. Lakini nikimuuliza mzee wetu yeyote ni nani waliochonga mbao na lino wakati yeye ni kijana, ananitajia majina ya utani: Fundi Kisu, yule wa karibu na reli, yule aliyeoa Kipushi. Kazi zao ziko wapi? Chapa ngapi? Hapo mazungumzo yanakwisha. Hilo ndilo linaloniamsha saa kumi na moja alfajiri kupanga kurasa kabla sijaenda kazini.

Nitaendelea. Kwanza ulizeni.

Kijiko_cha_Mti (Bukavu)

Asante sana dada. Mimi niko Bukavu, tuko wachapaji sita tu, hatuna buletini. Swali langu ni dogo: mnaitaje karatasi yenyewe? Sisi tunasema "kopi" na naona haikai vizuri mdomoni.

Wino_wa_Katuba (mleta uzi)

Ndugu wa Bukavu, umegusa kidonda.

Toleo letu la pili. Tata (mzee) mmoja wa hapa komini ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi na si ile nchi, ana miaka sabini na zaidi, alikuwa amechonga lino ya baiskeli iliyobeba magunia ya makala. Mtu anayeisukuma haonekani kichwa, unaona miguu tu na magunia yamepanda hadi ukingo wa picha. Mimi nikaiweka ukurasa wa tano na chini yake nikaandika: "Kopi 15 zinauzwa." Kati yetu tunasema kopi kila siku, sikufikiri mara mbili.

Mnunuzi akafika kwa Tata na buletini mkononi. Akamwambia kama ni kopi, yeye anajua bei ya kopi, inafanywa pale njiani kwa franka chache. Akaonyesha na neno lenyewe nililoliandika. Tata hakugombana naye. Alimwacha aende.

Jioni aliniita. Alikuwa amezitandaza karatasi zote 15 juu ya meza na kitandani, akaniambia: "Mwanangu, nionyeshe mbili zenye kufanana." Nikainama. Ya nne wino ulikuwa mzito kwenye gurudumu la nyuma, vijiti vyake vimezibana. Ya saba kijiko kilipita kasi, gunia la juu likawa na weupe kama vumbi la barabarani. Ya kumi na moja karatasi ilikuwa na unyevu zaidi, na ule weusi umeingia hadi ndani, ukipitisha kidole nyuma unasikia mistari. Nilikaa pale nusu saa. Sikupata mbili.

Toleo la tatu, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, niliandika kwamba mhariri alikosea, na nikaeleza chapa ni nini. Toka siku hiyo maneno yetu ni haya: kilichochongwa ni kibao, hata kikiwa cha lino. Karatasi iliyotoka ni chapa. Zote zilizotoka pamoja ni mkupuo: "chapa 15, mkupuo mmoja, Agosti." Neno toleo tumeliachia buletini lisije likachanganya watu. Na kopi ni ile ya mashine, basi.

Kama unaanza, andika maneno yako kwenye karatasi siku ya kwanza na uyabandike ukutani. Neno moja la mhariri linaweza kumshushia mzee bei ya mwezi mzima wa kazi.

Volkeno (Goma)

Hapa Goma mimi ni wa serigrafia, tunapitisha wino kwenye kitambaa kilichovutwa kwenye fremu, zaidi tunachapa tisheti na mabango. Nimesoma hilo la kuandika majina na limenigusa. Lava ya Januari 2002 ilipopita katikati ya mji, kwa mwalimu wangu iliondoka na fremu zote, karatasi zote, kila kitu. Watu walikimbia na watoto na magodoro, nani angebeba fremu. Leo akitaka kumwonyesha mtu alichofanya kabla ya mwaka huo, anaeleza kwa mikono hewani. Kama kungekuwa na kijarida hata cha kurasa nne kilichofika kwa watu 20, kimoja kingebaki mahali fulani.

Wino_wa_Katuba (mleta uzi)

Pole kwa mwalimu wako, Volkeno. Mwombe aeleze hivyohivyo kwa mikono, na wewe uandike. Bado yupo, bado anakumbuka. Fremu zimekwenda lakini orodha inaweza kupatikana.

Na ulichosema mwishoni ndiyo sababu sitaki nakala zetu zikae pamoja. Katika 40, mimi nina mbili tu ndani ya sanduku la bati, kwa sababu ya mchwa. Zilizobaki zinatawanyika: Likasi kilomita 120 hivi, Kolwezi zaidi ya 300, Kipushi hapo mpakani. Zinasafiri na dereva wa basi ndani ya bahasha ngumu, na anayepokea ananitumia picha amezishika.

Msoma_Kimya

Samahani dada, mimi si msanii. Naheshimu mnachofanya ila sioni kwa nini mnahangaika na karatasi. Tumeni picha kwenye simu, mtapunguza gharama na watu wengi zaidi watasoma.

Wino_wa_Katuba (mleta uzi)

Ni swali la haki, na kwenye mkutano wetu lilitaka kutugawa.

Faili ya simu tunayo na sitaiacha. Mwanachama wa Kolwezi anaipata dakika ileile. Lakini jalada la buletini yetu si picha ya chapa. Ni chapa yenyewe. Kila toleo mwanachama mmoja anachonga kibao kidogo, sentimita 12 kwa 17, tunakutana Jumamosi na tunachapa majalada 40 kwa mkono, na machache ya akiba kwa yatakayoharibika. Mmoja anapaka wino na rola, mmoja analaza karatasi, wawili wanasugua, watoto wanatundika kwenye kamba na vibanio vya nguo. Wakati wa mvua wino wa mafuta unachukua siku nyingi kukauka, kwa hiyo toleo la Desemba tunalianza mapema. Mtu akilipokea anashika kazi ya mwenzake, anainusa wino. Kwenye simu weusi ni weusi tu.

Kuna faida nyingine sikuitegemea. Jumamosi ile ndipo napata habari zote za toleo linalofuata. Mtu ambaye hajibu ujumbe wangu hata mmoja, ukimpa kijiko asugue, anaongea saa tatu.

Kwa wale watakaokunja wenyewe: kurasa 8 ni karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati. Kompyuta inaweza kukupangia, lakini siku umeme haupo utapanga kwa kichwa, kwa hiyo shika hesabu hii. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja lazima zijumlishwe zifike 9. Yaani 8 na 1, nyuma yake 2 na 7. Karatasi ya pili 6 na 3, nyuma yake 4 na 5. Ukiwa na kurasa 12, jumla ni 13. Mara ya kwanza nilichanganya, shairi la mtu likaanzia ukurasa wa 3 na kumalizikia ukurasa wa 2. Sasa natengeneza kwanza kijitabu kidogo kwa karatasi chakavu, naandika namba kwa kalamu, nafungua, nafuata.

Na jina la buletini juu ya jalada linachongwa kinyume. Kila mchapaji analijua hili na kila mchapaji ameshalisahau. A, H, I, M, O, T, U hazikudhuru, zinasomeka vilevile kwenye kioo. N na S ndizo zinazotega. Andika kwenye karatasi nyembamba ya kupitisha mwanga, igeuze, ndipo uinakili kwenye lino. Kabla ya kukata, simamisha kioo pembeni usome. John Muafangejo wa Namibia, aliyezaliwa 1943 na kufariki 1987, alichonga sentensi nzima ndani ya lino zake, weusi na weupe, mistari kwa mistari ya maneno yaliyozunguka watu wake. Kila herufi kinyume. Tulipoandika juu yake, vijana wetu watatu walianza kutia maneno kwenye picha zao, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili.

Mtoto_wa_Likasi

Yaya, ni mimi niliyekuuliza. Asanti. Kinachonitisha ni hiki: wazee wetu hawaandiki. Mmoja ni mtu wa reli wa zamani, anachonga kuliko sisi wote, lakini ukimpa karatasi na bic anaiweka pembeni. Nitajaza kurasa 8 na nini?

Wino_wa_Katuba (mleta uzi)

Usimpe bic. Mpe muda.

Mimi naenda na simu, naiweka mezani mbali kidogo, namwomba ruhusa, halafu siulizi juu ya sanaa. Nauliza juu ya kitu kilichoko mkononi mwake. Kisu hiki ulikipata wapi? Kwa nini mpini umefungwa kitambaa? Hapo anaanza. Nikirudi nyumbani naandika alichosema, neno kwa neno, kisha napunguza pale anaporudia. Namsomea kwa sauti kabla halijatoka. Hilo la kumsomea usiliache hata siku moja. Kuna mama mmoja aliniambia, "Hapa umenifanya nilalamike, mimi sikulalamika," na nilipolisikiliza tena lile neno, kweli alikuwa anacheka aliposema.

Sauti ya dakika 20 inanichukua karibu saa mbili kuiandika, ujue mapema.

Mwalimu_wa_Pwani

Nafuatilia kutoka Tanga. Hongera kwa kazi. Naomba kuuliza, hao wazee mnawaandika kwa Kiswahili kipi? Niliwahi kuona maandishi ya huko kwenu, mtu wa huku anapata tabu. Mngeandika Kiswahili sanifu, hata sisi tungesoma na pengine kununua.

Kijiko_cha_Mti (Bukavu)

Hapo mwalimu ana hoja. Hata kati ya Bukavu na Lubumbashi maneno yanapishana.

Wino_wa_Katuba (mleta uzi)

Mwalimu, shikamoo. Nimeifikiria sana hoja hii, na nitaeleza tulipofika.

Ninachoandika mimi kama mhariri, matangazo, hesabu, maelezo ya chapa, kiko katika Kiswahili ambacho wewe Tanga unakisoma bila shida, kama ninavyoandika hapa. Lakini maneno ya mzee yanabaki ya mzee. Mfano huu ni wa Tata wa baiskeli, alikuwa anaeleza baridi ya mwezi wa sita na wa saba, lino inapokakamaa na kuvunjika chini ya kisu:

"Ile lino, kama baridi iko, inakuwa nguvu sana. Minaweka ku jua kwanza, njo minachonga."

Ningeweza kuandika: "Lino hukakamaa wakati wa baridi, hivyo huianika juani kabla ya kuichonga." Maana ni ileile. Lakini mtu anayeongea hivyo simjui. Hajawahi kukaa kwangu, hajawahi kunywa munkoyo na mimi. Na mjukuu wa Tata akisoma atadhani ni mgeni anayeongea.

Tena si sisi wa kwanza. Mwaka 1965 watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu hapa mjini walitoa historia ya Élisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili chao, kilekile cha nyumbani na cha kazini. Hawakungoja mtu awasahihishie. Wasomi wa lugha na historia wanaifanyia kazi hadi leo, na mwaka 1990 ilichapwa kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kama wangeiandika kwa Kiswahili cha vitabu, au kwa Kifaransa, tungepata habari lakini sauti tungeikosa.

Tunachofanya kwa ajili yako ni kuweka maneno machache pembeni: nguvu hapa ni gumu, njo ni ndipo, makala ni mkaa. Mistari mitatu inatosha. Msomaji wa pwani ni mgeni wetu wa heshima, lakini mwenye nyumba ni Tata.

Mwalimu_wa_Pwani

Marahaba. Nimeelewa, na nakubali. Nilidhani makala ni yale ya gazeti, nikawa nashangaa magunia ya makala kwenye baiskeli. Hayo maneno ya pembeni msiyaache.

Shaba_ya_Kolwezi

Mimi ni mwanachama, naweza kushuhudia. Mama mhariri, waambie na ukurasa wa vifaa. Huo ndio ninaoufungua kwanza.

Wino_wa_Katuba (mleta uzi)

Kweli, nilikuwa nausahau, na ndio unaosomwa kuliko yote.

Ukurasa wa 6 unasema kitu gani kinapatikana wapi na nani amekijaribu. Wino umeingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Karatasi nzito zimeonekana kwa muuza fremu. Fulani amebomoa sakafu ya zamani, ana lino, lakini kaiangalie kwanza kama si plastiki: vunja kona, lino ya kweli ina vumbi la mti na uzi wa jute nyuma.

Na shaba. Mtu wa nje akisikia Lubumbashi anafikiri tunakalia shaba. Malori yanapita kila siku na mabati ya shaba safi kwa asilimia 99.99, yanakwenda mpakani, na mchapaji wetu anazunguka kwa wauza vyuma chakavu akitafuta ubavu wa tangi la maji moto ili apate kipande cha sentimita 15. Analikunjua kwa nyundo ya mti, analisugua kwa msasa kuanzia namba 400 kwenda juu hadi 1200, kwa maji, hadi aone uso wake. Kingo anazilaza kwa tupa, kwa sababu kingo kali inakata karatasi na kitambaa cha mashine. Hiyo ni siku nzima, na bado hajachora mstari. Nikiandika habari ya chapa ya shaba naandika na hilo bati limetoka wapi. Ni sehemu ya kazi.

Hapa kuna jambo la wajibu. Mwanachama aliwahi kuniletea maelezo ya kuchoma shaba kwa asidi ya nitriki, yameandikwa vizuri. Sikuyachapa. Asidi ile ikikutana na shaba inatoa moshi wa rangi ya kahawia, ni sumu ya mapafu, na wengi wetu karakana ni chumba cha nyuma ambamo watoto wanalala. Tulichapa njia ya kloridi ya feri, ile wanayotumia mafundi wa redio kuchoma mabati ya saketi. Haitoi moshi ule, inakula shaba taratibu, lakini inatia madoa kila inapogusa na inataka glavu na miwani, na haimwagwi kwenye mtaro. Sheria yangu ni hii: maelekezo yoyote ambayo sijaona mtu akiyafanya mbele ya macho yangu hayaingii. Mtu atafuata neno la buletini kwa sababu limechapwa.

Msoma_Kimya

Nimebaki hapa nikisoma hadi bukari imepoa. Swali la mwisho: nani analipa hayo yote? Umesema hulipwi.

Wino_wa_Katuba (mleta uzi)

Silipwi, lakini pia silipi. Hilo nililijifunza kwa shida. Mwaka wa kwanza nilinunua karatasi, wino na megabaiti kwa pesa yangu, nikiona haya kudai. Ikafika mahali naona uchungu mtu akichelewesha habari, kwa sababu kuchelewa kwake kulikuwa kunakula pesa ya watoto wangu. Moyo wa kujitolea ukaanza kuchacha. Nikaenda kwenye komite nikasema wazi: muda wangu ni zawadi, mfuko wangu hapana. Walikubali bila mjadala, hawakuwa wanajua tu.

Sasa kotizasyo, yaani mchango, ya kila mwanachama ina fungu la buletini, na ukurasa wa mwisho unaonyesha kilichoingia na kilichotoka, hadi bei ya bahasha. Tuna majalada matano ya ziada kila toleo, yametiwa saini na namba na mchongaji, tunayauza peke yake. Nusu ya pesa ni ya mchongaji, nusu ni ya karatasi za toleo linalofuata.

Jambo lingine, usihariri peke yako. Mimi nina binti mmoja wa Kipushi anayejua kila kitu ninachojua: nywila, daftari la mikupuo, namba ya dereva. Nikiugua, toleo linatoka. Mwakani atashika yeye, nami nitarudi kusugua Jumamosi.

Mtoto_wa_Likasi

Yaya, nimekubali. Nimewaambia leo.

Nimeanza na yule mzee wa reli kama ulivyosema, nikauliza juu ya kisu. Tumekaa hadi giza. Ana vibao sita chini ya kitanda, vimefungwa kwenye gunia, mbao ngumu nyekundu, hajavigusa miaka mingi. Hakumbuki alichapa ngapi wala lini. Anataka tuvipake wino kesho.

Wino_wa_Katuba (mleta uzi)

Ngoja, usipake wino kwanza. Wino wa zamani ukikauka ndani ya mikato unashikamana na mbao, na wewe hujui kibao kina nyufa ngapi. Fanya hivi: brashi laini kavu, utoe vumbi. Piga picha kila kimoja, mwanga utoke ubavuni. Halafu chukua karatasi nyembamba, ilaze juu, sugua kwa penseli laini ikilala ubavu. Picha yote itapanda, na kibao hakitaguswa na kitu. Andika vipimo, urefu kwanza ndipo upana. Tazama nyuma na kwenye kona, wachongaji wa zamani waliweka alama huko.

Mtoto_wa_Likasi

Nimesugua cha kwanza. Ni stesheni, watu wamekaa juu ya mizigo, na mama mmoja amesimama anatazama upande ambao treni haitoki. Kwenye kona ya chini kuna kitu kimechongwa, nilidhani ni nyasi. Nimesimamisha kioo. Ni jina lake na 1974.

Nimemwonyesha. Amesema, "Ah, njo ule mwaka," akanyamaza, halafu akaniambia nikae.

Wino_wa_Katuba (mleta uzi)

Washa simu, iweke mezani. Ukurasa wa tatu na wa nne wa toleo letu la Desemba naviacha wazi kwa ajili yenu, na jina lake litakwenda chini ya picha jinsi alivyolichonga.